Usiku, Ufunguo Uko kwa Nani?

Alfajiri ya tarehe 7 Desemba 2021 moto uliteketeza gereza kuu la Gitega, nchini Burundi. Serikali ilitangaza vifo 38 na majeruhi 69, ikataja hitilafu ya umeme kuwa chanzo. Gereza la watu 400 lilikuwa na zaidi ya 1,500. Tangu hapo tumeujadili umeme, tumeujadili msongamano. Swali moja tumelikwepa: usiku ule funguo zilikuwa mikononi mwa nani, nao walikuwa wangapi?

Baadhi ya wafungwa waliwaambia waandishi wa habari kwamba walipiga mayowe milango isifunguliwe, kwa kuwa amri haikuruhusu. Dai zito hilo. Lakini hata tukiliweka kando, hoja inabaki palepale. Aliye nyumbani kwake akinusa moshi hutoka. Mfungwa tumemwondolea uwezo huo, na wengi tuliowafungia ni mahabusu wasiohukumiwa bado. Aliyefunga mlango ndiye mwenye wajibu wa kuufungua. Sasa mweke askari mmoja wa zamu mbele ya mamia ya watu: akifungua, atawazuiaje wasitoroke? Atasubiri amri, na moto hausubiri amri.

Wala si moto pekee. Mwenye pumu akibanwa kifua saa nane za usiku, anayegundua ni mwenzake wa mkekani. Atagonga mlango, askari aliye peke yake hawezi kuliacha lindo ili ampeleke hospitali. Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinadai tiba ya haraka wakati wa dharura. Zinakataza pia mfungwa kupewa madaraka ya nidhamu juu ya wenzake. Sisi, Burundi na Kongo, tuna kapita: mfungwa anayewasimamia wafungwa, ila ufunguo hana. (Huyo ndiye askari wa bei nafuu kuliko wote.)

Nitaambiwa kwamba nchi maskini haiwezi kuajiri askari ilhali walimu hawatoshi. Mimi ni mwalimu. Darasa lililofurika nalijua. Lakini darasa langu halifungwi kwa nje. Dola isiyomudu askari wa kufungua milango haina haki ya kuifunga kwa watu wengi kiasi hicho. Iwaachilie kwanza mahabusu wa makosa madogo wasubiri kesi zao makwao. Na waziri anapoulizwa bungeni idadi ya wafungwa, aulizwe pia idadi ya askari wa zamu ya usiku, gereza kwa gereza.