Samaki wa Shimoni Ana Barafu, Mtoto Wetu Ana Nini?

Wadau, leo hakuna kuchekesha. Nipeni dakika tatu tu.

Mtoto mchanga akipelekwa kupasuliwa, nyumba nzima husubiri neno moja: "Oparesheni imefaulu." Likifika, simu zinapigwa, watu wanashukuru Mungu, basi, hadithi imeisha. Mimi nasema haijaisha. Kuna swali hatuulizi: ubongo wake je?

Maana tumbo linaweza kushonwa likapona vizuri kabisa, halafu mwaka mmoja baadaye mtoto hakai, hashiki kitu, wala hamfuati mamake kwa macho. Ubongo uliumia njiani, au kitandani siku ya pili, na hakuna aliyeona. Ndo maana msimamo wangu ni huu: ubongo wa mtoto wa Shimoni haulindwi thieta peke yake. Unalindwa kuanzia barabarani.

Hebu tuelewane kwanza. Ubongo wa mtoto mchanga hutumia sukari na oksijeni bila kupumzika, na akiba aliyonayo mwilini ni kidogo mno. Kwa hivyo maadui wake wanajulikana.

Wa kwanza ni baridi. Joto la mtoto mchanga linafaa liwe kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Usiniambie Pwani ni joto. Mtoto aliyelowa, kwenye upepo wa dirisha la gari au AC ya thieta, hupoa haraka kuliko unavyodhani.

Wa pili ni sukari kushuka. Mtoto aliyezuiwa kunyonya kwa sababu ya upasuaji anahitaji dripu yenye sukari, na mtu wa kumpima.

Wa tatu ni pumzi na presha. Oksijeni ikipungua, ubongo unaumia. Presha ikishuka sana, damu haifiki kichwani vya kutosha. Hata kumpampu hewa kwa kasi mno ni hatari, kwa sababu mishipa ya ubongo hujibana.

Wa nne ni degedege, na huyu ni mjanja. Kwetu Pwani degedege lina hadithi zake za ndege na majini. Lakini kwa mtoto mchanga mara nyingi halina vishindo. Macho yanakwama upande mmoja, mdomo unatafuna bure, miguu inaenda kama anaendesha baiskeli. Ukiona hivyo, muite nesi saa hiyo hiyo.

Sasa piga picha ya safari. Mtoto amezaliwa Wasini au Mkwiro, utumbo wake umeziba. Boti mpaka Shimoni, gari mpaka Kanana, barabara ya Lunga Lunga, hospitali ya rufaa Msambweni. Akihitaji daktari bingwa wa upasuaji wa watoto, safari inaendelea: Ukunda, Likoni, maji tena, halafu Mombasa. Njia yote hiyo, nani anapima joto? Nani anapima sukari?

Hapa ndo nakasirika kidogo. Sisi watu wa Shimoni tunajua kusafirisha kitu bila kukiharibu. Samaki akitoka baharini anapata barafu papo hapo, na akifika Mombasa bado ni mbichi. Hakuna mchuuzi anayesema "tutaweka barafu tukifika." Mbona mtoto tunasema atapashwa joto akifika?

Na hatari hii ina namba. Mwaka 2021 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa watoto 3,849 katika nchi 74, waliozaliwa na kasoro za tumbo na utumbo zinazohitaji upasuaji. Nchi tajiri walifariki asilimia 5.6. Nchi za kipato cha kati, ambako Kenya imo, asilimia 20.4. Nchi maskini, asilimia 39.8. Hao ni waliofariki tu. Waliorudi nyumbani ubongo ukiwa umeumia hawamo kwenye hesabu hiyo.

Kuna wanaosema tatizo ni nusukaputi, eti inamfanya mtoto mzito wa akili, kwa hivyo bora kusubiri. Hofu hii si ya kuchekwa. Mwaka 2016 Marekani ilitoa onyo kuhusu dawa hizo zikitumika kwa zaidi ya saa 3, au mara kwa mara, kwa watoto chini ya miaka 3. Lakini utafiti uliochapishwa 2019 uliwafuatilia hadi miaka 5 watoto waliopewa nusukaputi wakiwa wachanga, kwa muda wa chini ya saa moja hivi. Akili zao hazikutofautiana na za waliopasuliwa kwa ganzi wakiwa macho. Na utumbo ulioziba haungoji mtu aondoe hofu. Kuchelewa ndo kunaua.

Tunataka nini basi? Sio mashine za mabilioni. Afya iko mikononi mwa kaunti tangu 2013, kwa hivyo tunajua pa kuuliza. Kila mtoto mchanga anayepewa rufaa asafiri na nesi aliyefunzwa, kipimajoto, kipima sukari na oksijeni. Hospitali inayompokea ipigiwe simu kabla hajafika. Hali yake ikiruhusu, asafiri kifuani kwa mamake, ngozi kwa ngozi, amefungwa leso. Hilo halina bei.

Na akishatoka hospitali, afuatiliwe mpaka afike miaka miwili. Miezi 4 hashiki shingo? Miezi 9 hajakaa? Apelekwe mazoezi mapema, asifichwe chumbani kwa aibu huku watu wakimuita majina. Nyinyi mnaoandika "zezeta" kwenye komenti, mnamcheka mtu ambaye pengine aliumizwa na safari tu.

Kikao cha bajeti ya kaunti kikiitishwa, twendeni. Vijana tusiachie wazee peke yao. Swali ni moja: gari la wagonjwa la kwetu lina nini cha kumlinda mtoto mchanga?

Mtagi MCA wako hapa chini. Tusubiri jibu pamoja.