NASAHA ZA MWEZI: Nani Atajua Ukiugua?



Wapenzi wasomaji, mwezi huu nawaelezeni kosa langu mwenyewe, asaa likawafaa wengine.

Binti mmoja wa hapa Liuli, niliyemfundisha tangu alifu, alipata nafasi katika chuo kikuu cha mbali. Asubuhi ya safari, kabla ya kupanda gari la Mbamba Bay ili aushike mlima wa Mbinga, alikuja kuniaga. Nikamwambia: "Mwanangu, huko watu ni wengi na mambo ni mengi. Shika kitabu chako na swala yako, usifuatane na mtu." Akajibu, "Inshallah, maalim." Nami nikajiona nimemkinga.

Alinitii, na huo ndio uliokuwa msiba. Muhula mzima alisoma peke yake, akala peke yake, akaswali peke yake. Fedha zilipomwishia hakumwambia mtu. Kisha homa ikamshika, akalala siku mbili hana wa kumpa uji. Msichana Mkristo waliyekaa naye chumba kimoja aliporudi kutoka kwao, alimkuta hajiwezi. Akakimbilia chumba cha swala, akawauliza akina dada wa jumuiya ya wanafunzi Waislamu, "Huyu si mwenzenu?" Hawakumjua hata jina, lakini walikuja. Wawili wakampeleka hospitali, mmoja akapika uji, mwingine akamnakilia masomo aliyoyakosa; na amirat wao akachangisha fedha za dawa.

Likizoni alikuja kunisalimu. Akasema kwa adabu: "Maalim, ulinionya juu ya marafiki wabaya, lakini hukunionyesha walipo wema." Sikuwa na jawabu.

Nami ndiye nisomeshaye sira! Mtume wetu (S.A.W.) alipohamia Madina mwaka 622, hakuwaacha Muhajirina wajitafutie wenyewe, aliwaunga udugu na Answari. Salman alifanywa ndugu wa Abu Dardaa. Siku moja alimzuru, akamwona mkewe kaacha kujipamba, akafahamu kuwa nduguye amezama katika ibada hata akasahau haki ya mwili wake na ya ahali yake. Akamrudi kwa upole, na Mtume akasema kuwa Salman kanena kweli. Huo ndio udugu: jicho lenye kuona kilichopungua kwa mwenzio. Na binti aliyeacha kwao kwa ajili ya elimu, naye ni mhajiri.

Haja hii si yetu peke yetu. Huko Marekani wasichana wa vyuo wana vyama vya udugu tangu zamani. Mwaka 2005 mama mmoja Mwislamu na bintiye walianzisha kimoja, Gamma Gamma Chi, ili msichana apate udugu huo pasipo ulevi wala kuvunja heshima yake. Kwetu sisi zipo jumuiya za wanafunzi Waislamu, kama MSAUD katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zenye darsa na futari za pamoja.

Basi, ewe binti, wiki ya kwanza kitafute chumba cha swala na ujitambulishe kwa amirat. Lakini pima. Kundi jema humuulizia asiyekuja, halimsengenyi aliyeondoka, halikufundishi kuwaficha wazazi, wala kumdharau jirani kwa kuwa si wa dini yako. Mkumbuke yule aliyekimbia kuomba msaada. Na ukishapata wenzio, mtafute yule akaaye peke yake.

Nanyi wazazi, msiulize alama za mtihani tu. Ulizeni: "Mwanangu, ukiugua leo, nani atajua kabla ya magharibi?" Akikosa jina la kutaja, msilale.

Wavuvi wetu watokapo usiku kuvua dagaa, kila mtumbwi na taa yake, lakini jicho huwa pia kwenye taa ya mwenzio. Ikizimika, hawamngoji apige kelele, humpigia kasia.

Mwaka huu binti mwingine alikuja kuniaga. Nilimwambia ashike kitabu chake na swala yake, na ashikane na walio wema. Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu ugenini, na awape wenzi wa kheri. Amin.