Popo wa Pemba na Mikaratusi Yetu

Wenzangu, tukisikia Pemba twafikiria karafuu tu. Kisiwa hicho, kaskazini mwa Unguja, Waarabu walikiita cha kijani, lakini kijani chenyewe kingi ni mikarafuu na minazi ya watu. Msitu wa asili umebaki haba. Ule mkubwa ni Ngezi, uliofanywa hifadhi mwaka 1959.

Kuna popo mkubwa asiyepatikana kwingine duniani ila Pemba. Watu walimla, wakakata miti yake, na miaka ya 1980 akawa karibu kwisha. Askari peke yao wasingemwokoa, ng'o! Wanavijiji waliunda vilabu vya kumlinda, na pale Kidike mgeni hulipa kumtazama. Leo wako maelfu.

Sasa tuje hapa Manga. Mikaratusi imejaa hadi chemchemini, inanyonya maji. Ati tuing'oe? Mwenye shamba atauliza karo itatoka wapi, na ana haki, maana hata yangu hutoka humo. Popo wa kuonyesha wageni hatuna. Lakini maji twachota sote. Basi kila nyumba ichotayo imchangie mwenye chemchemi, hadi miti ya kienyeji imee pale.