Kelele za Nani? Lugha Zetu Kinywani mwa Viumbe vya Sinema

Watunzi wenzangu na wapenzi wa lugha, naomba leo mnivumilie, kwa kuwa nimekuja na shtaka, na washtakiwa wenyewe ni sisi.

Mwezi uliopita, hapa Ilongero, niliketi tena mbele ya sinema niliyoitazama utotoni: Return of the Jedi, iliyotoka mwaka 1983, sehemu ya tatu ya ngano ile ndefu ya vita vya nyota. Utotoni niliiona katika kibanda cha video, picha ikicheza kama inaonwa kupitia mvua. Nikashika panga za nuru na mfalme dhalimu, maneno nisishike hata moja. Safari hii tulikuwa nyumbani, pamoja na vijana wa jirani na mgeni wetu, mama mmoja wa Kikuyu aliyefuata vitunguu Singida. Kilipotokea kile kiumbe chenye mashavu yaliyoning'inia, Nien Nunb, rubani msaidizi wa Lando Calrissian, mgeni akaweka chini kikombe cha chai. "Huyu mbona anaongea Kikuyu?" akauliza. Tukairudisha picha nyuma. Akasikiliza, akatufasiria, akacheka hadi machozi.

Alisikia sawasawa. Sauti ya kiumbe yule ilitolewa na Mkenya, Kipsang Rotich, aliyekuwa mwanafunzi Marekani, na miongoni mwa aliyoyasema yamo maneno ya Kikuyu yenye maana kamili. Aliyesimamia sauti za sinema hiyo, Ben Burtt, alikuwa na desturi ya kutafuta lugha ambazo watazamaji wake wasingezitambua, akazitumia kama malighafi ya lugha za viumbe wa mbali. Kiquechua cha milima ya Andes kilimpa mwangwi wa lugha ya akina Jabba.

Wapo watakaopiga makofi: "Tumetambulika! Afrika Mashariki imefika angani!" Makofi hayo ndiyo ninayoyapinga. Tazameni upya sinema hiyo, kisha tazameni chini ya picha. Jabba, lile pandikizi la mtu lisilo miguu, husema lugha ya kubuniwa, na asemapo kwa kawaida huwekewa tafsiri ya maandishi. Nien Nunb husema lugha ya watu walio hai, yenye methali na vitendawili vyake, wala hawekewi hata neno moja. Lugha isiyokuwapo imepewa maana, na lugha iliyopo imenyang'anywa. Humohumo yumo roboti anayejigamba kwamba anajua namna milioni sita za mawasiliano! Kikuyu hakikuchaguliwa kwa heshima. Kilichaguliwa kwa kuwa ilidhaniwa kuwa ukumbini hamna mtu wa kukielewa. Kutambulika kwa sharti la kutoeleweka ni kutambulika gani?

Simlaumu Rotich. Yeye angeweza kubwabwaja tu, na bado angelipwa. Badala yake alitia maneno yenye maana, akayaacha humo kama mbegu kwenye udongo, yakaisubiri jamii yake. Hiyo ni kazi ya malenga. Wala simlaumu sana Burtt, kwani mtu asiyejua lugha husikia sauti tu.

Lawama yangu inawaendea wanaojua. Jioni ileile, baada ya mgeni kwenda kulala, vijana waliweka filamu ya vichekesho ya hapahapa nchini. Akatokea mganga mwenye manyoya kichwani. Akafumbua kinywa, na kilichomtoka kilikuwa Kinyaturu cha kuvunjwavunjwa, kilichopachikwa ili watu wacheke. Wakacheka. Mtoto wa miaka tisa, ambaye bibi yake huzungumza naye Kinyaturu kila asubuhi anapomtuma kuni, alicheka kuliko wote. Kesho yake bibi alimwita kwa lugha ile, naye akamjibu kwa Kiswahili huku akiwatazama wenzake kwa aibu. Mimi nilikuwapo uani. Nilimwona bibi akinyamaza kidogo, kisha akarudia agizo lake kwa Kiswahili cha kubabaisha.

Basi tuulizane: tofauti yetu na watu wa Marekani ni ipi? Wao walikifanya Kikuyu kuwa sauti ya zimwi wa angani. Sisi tumekifanya Kinyaturu, na Kigogo, na Kisukuma, kuwa sauti ya mshamba na mchawi, ilhali tunaelewa. Kosa la anayeelewa ni zito zaidi.

Najua jibu litakalokuja: Kiswahili kimetuunganisha, na anayetetea lugha za makabila analeta ukabila. Nakipenda Kiswahili, nacho ndicho ninachokiandikia hapa. Lakini tusisahau kimejengwaje. Mwaka 1928, huko Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa usanifishaji. Msingi si nyumba nzima. Tulipohitaji neno la makao ya rais, tulipata ikulu kutoka Unyamwezini na Usukumani. Vyuo vikuu vyetu vina vitivo, neno lililoteremka kutoka Usambaani na Upareni. Kila mwanafunzi wa sarufi hutaja ngeli, na ngeli ni zawadi ya Wahaya. Maneno hayo yaliingia na maana zake, yakapewa kiti. Hakuna aliyecheka, na umoja wetu haukupungua.

Nasi wa Singida tuna sababu kubwa kuliko wengi ya kujali jambo hili. Mkoa huu na majirani zake, Manyara na Dodoma, ni mahali ambapo lugha za Kibantu, kama Kinyaturu na Kinyiramba, zinaishi bega kwa bega na Kihadza chenye vidoko, Kiiraqw cha Wakushi, na Kitaturu cha Waniloti. Hicho Kitaturu ni ndugu wa lugha za Wakalenjin, jamii yenye jina kama la Rotich. Kumbe sauti iliyotoka kwa kiumbe wa nyota ina ndugu wanaochunga ng'ombe katika mkoa wetu. Mtaalamu wa lugha angevuka bahari kuja kuisikiliza hazina hii. Sisi tunaizimia redio.

Nadai mambo mawili. La kwanza ni kwa watunga filamu: mkitaka mhusika aseme Kinyaturu, mpeni Mnyaturu aseme sawasawa, kisha wekeni tafsiri chini ya picha. Na siku moja mpeni maneno hayo hakimu, daktari au mama mwenye busara. La pili ni kwetu watunzi: tuache kutumia neno la lugha nyingine kama kiungo cha kunogesha kina tu. Ukilichukua neno kwa bibi yako, lichukue na uzito wake, uliandike, ulifasiri, na umtaje aliyekupa.

Kuhusu yule mtoto, nimeanza na dogo. Juzi nilimrudishia ile sinema, nikamweleza kwamba yule rubani anasema lugha ya yule mama wa vitunguu. Alinyamaza, kisha akaniuliza: "Mjomba, ya bibi nayo ingeweza kuwekwa humo?" Nikamjibu kwamba ingeweza, ila ni lazima apatikane mtu wa kuisema. Kwa ajili yake naiachia lugha ya bibi ijisemee:

Usiniite kelele, ninayo maana yangu,
Nimebembeleza tele, wana wa nyumbani mwangu,
Nipe nafasi ya mbele, nitoe hazina zangu,
Kiswahili ukaole, mizizi yako ni yangu.