Moshi wa Desemba
Safu ya kila Alhamisi, na Katembo wa Vulamba

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, nilikaa sebuleni kwa rafiki yangu mmoja. Ni mushamuka, yaani tajiri, wa vitenge, mzee wa kanisa, mtu ambaye kontena zake zinashuka Mombasa, zinapita Kampala na Kasindi ndipo zinafika hapa Butembo. Mezani palikuwa na chai, mkate, na fomu ya bima ya maisha, kurasa nne, zote kwa Kifaransa. Anatafuta mkopo, na benki inataka akifa kabla ya kumaliza deni awepo wa kulilipa. Miwani yake ilikuwa imebaki dukani, kwa hiyo kalamu nilishika mimi.

Tulikwenda vizuri. Uzito, urefu, presha, kisukari, baba alikufa na nini. Tukafika swali la tumbako.

"Andika hapana," akasema.

"Na zile za Desemba?"

Kabla ya kunijibu alitazama mlango wa jikoni.

Zile za Desemba nazijua, nimekaa naye akizivuta. Akirudi Dubai mwisho wa mwaka hakosi kakisanduku kadogo ka mbao. Jioni moja depo ikishafungwa, anakaa nyuma kwenye marobota na wenzake wawili watatu, anakata ncha kwa kisu cha kufungulia mizigo, anawasha, na kwa saa nzima hakuna anayezungumza habari ya dola. Mwaka mwema kwake ni mbili. Mwaka mbaya, hakuna.

"Halafu ile si sigara," akaniambia.

Hapo Kiswahili kilikuwa upande wake. Sisi jina la sigara tumempa yule mwembamba wa kwenye pakiti. Lile nene la majani yaliyosokotwa kamusi zinaliita sigaa, au biri, lakini nenda sokoni ukaulizie biri uone watakavyokutazama. Kwa hiyo ukimuuliza mtu wa hapa kama anavuta sigara, naye ni wa sigaa mbili kwa mwaka, atakujibu hapana na wala hatajiona ametenda dhambi. Shida ni kwamba fomu haikuuliza hivyo. Iliuliza kama ametumia tumbako, ya namna yoyote, katika miezi 24 iliyopita. Swali hilo linamkamata yeye, linamkamata bibi wa kule Lubero mwenye kiko chake, na yule anayenusa ugoro akidhani moshi tu ndio unaohesabiwa.

Mbona wanauliza kwa ukali hivyo? Kwa sababu bei inategemea jibu. Huko ambako bima ya maisha imezoeleka, mvutaji mara nyingi hulipa maradufu ya asiyevuta, au zaidi. Uingereza kampuni nyingi hazitaki hadithi: umetumia tumbako au nikotini ndani ya miezi 12, hata sigaa moja ya harusini, unaandikwa mvutaji. Marekani ziko zinazolegeza kamba, zikamwachia mtu wa sigaa chache, pengine zisizozidi 12 kwa mwaka, bei ya asiyevuta. Ila lazima alitaje jambo hilo mwenyewe, na mkojo wake usionyeshe kotinini, mabaki ambayo mwili huyatengeneza kutokana na nikotini. Kwa mtu wa mara mojamoja mabaki hayo hutoweka baada ya siku chache. Ndiyo maana wajanja wanaona kipimo si kitu, wanangoja wiki ipite, wanaandika hapana.

Mimi naona kumtoza mtu wa sigaa mbili sawasawa na yule anayemaliza pakiti kila siku ni uonevu. Najua sigaa moja kubwa inaweza kubeba tumbako ya pakiti nzima, na kwamba hata usipoumeza, ule moshi unaupitisha mdomoni na kooni, na saratani za huko hazina mzaha. Lakini hesabu nyingi za hatari zilifanywa kwa watu wanaovuta kila siku. Mushamuka wangu, kama kuna kitu kitamuua, nadhani ni ile njia ya Beni kwenda Kasindi.

Na hapo ndipo uongo mdogo unapogeuka mkubwa. Katika sheria ya bima ya Ufaransa, ambayo nchi nyingi za Afrika zinazotumia Kifaransa zimefuata mkondo wake, mtu akidanganya kwa kusudi kwenye fomu, mkataba unaweza kufutwa hata kama alichoficha hakihusiani kabisa na kilichomuua. Soma tena sentensi hiyo. Umeficha sigaa, umegongwa na pikipiki, na mjane anaambiwa hakuna mkataba. Aliyekosea bila nia mbaya anatendewa kwa upole zaidi: malipo yanapunguzwa kwa uwiano wa bei aliyolipa na ile aliyopaswa kulipa. Tuchukue mfano wa kubuni. Bei ya asiyevuta ni dola 200 kwa mwaka, ya mvutaji 400, bima ni ya dola 20,000. Kwa miaka sita umeokoa dola 1,200. Aliyezichezea kamari zile 20,000 ni wewe, lakini atakayeliwa ni mtu mwingine.

Nisiwafiche jambo la pili, maana kwetu ni zito kuliko tumbako. Mikataba mingi ya bima ya maisha inaacha nje kifo cha vita. Mtu wa Beni au Butembo, tangu mauaji ya raia yaliyoanza Beni Oktoba 2014, akipewa mkataba aanze na ukurasa huo kabla ya ule wa bei.

Sisi ni wageni kwenye mambo haya. Tangu 1966 aliyeuza bima nchini Kongo alikuwa SONAS, kampuni ya serikali, peke yake, na kwa wengi wetu bima ilikuwa ile karatasi ya gari ya kumwonyesha polisi. Sheria ya Machi 2015 ndiyo iliyofungua mlango, na kampuni binafsi za kwanza zikapata vibali 2019. Kabla ya hapo, na hadi leo, bima yetu ni matanga: kikapu kinazunguka, jina linaandikwa daftarini, kila mtu anatoa alichonacho. Kikapu hakijawahi kumuuliza marehemu alivuta nini. Tumezoea hivyo, kwa hiyo fomu tunaijibu kama tunavyojibu mchungaji mlangoni, kwa heshima na kwa kujipamba.

Ningekuwa na sauti kwenye kampuni hizo, ningewaambia waweke swali kwa Kiswahili, na badala ya vile visanduku viwili vya ndiyo na hapana, waache mstari mmoja mrefu wa kuandika nini, mara ngapi, lini mara ya mwisho. Wasipouacha, uandike pembeni kwa mkono wako, kisha piga picha ukurasa huo kwa simu kabla hujautoa.

Hivyo ndivyo nilivyomshauri. Alinyamaza, akakoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeyeyuka zamani. Kilichomsumbua si kampuni. Fomu ingelala pale nyumbani, na mke wake, ambaye ndiye aliyetajwa kulipwa, alifundisha Kifaransa miaka mingi.

"Haya," akasema mwisho, kwa sauti ya chini. "Andika sigaa. Mbili kwa mwaka."

Niliandika. Mama akatoka jikoni na chupa ya chai, akanijazia kikombe, akainama kidogo juu ya bega langu kuusoma ule ukurasa.

"Papa, sema tatu," akasema. "Ile ya harusi ya binti yako, mwezi wa nane, umeisahau."