Tarehe 3 Mei, spika zipunguzwe

Wasikilizaji wetu, tarehe 3 Mei 2024 bomu zilianguka kwenye kambi za Mugunga na Lac Vert, pembeni ya Goma. Waliokufa, wengi wao walikuwa wamama na watoto, watu waliokuwa wamekwisha kimbia vita mara moja. Sisi wa Bunagana tunaijua njia hiyo tangu 13 Juni 2022.

Kila mwaka siku hiyo inarudi, na kuna neno ningependa kuwaambia wenye baa, hoteli za kandokando ya ziwa na viwanja vya michezo ya watoto. Siwaombi mufunge. Mama anayechoma samaki mbele ya baa anakula pesa ya siku ile ile, na mtoto wa mkimbizi naye anataka kubembea. Ila mupunguze spika toka asubuhi. Musitumie tarehe hiyo kutangaza bia. Na watoto wa wakimbizi wa ndani waingie bure, bila kuulizwa karatasi.

Mutaniambia: si tuna 2 Agosti, siku ya Genocost? Ndiyo, na ni vizuri. Lakini hotuba za Kinshasa ziko mbali na mama aliyezika mtoto wake Mugunga. Yeye anasikia muziki wa jirani.