Maswali ya fizikia yaanzie Rusumo, si kwenye theluji

WAHENGA walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Katika shule zetu za sekondari mambo yamegeuka. Ulimwengu unamfunza mtoto kila siku, sokoni, barabarani na jikoni, kisha darasani tunamwambia asahau yote hayo, afungue ukurasa wa arobaini na kukokotoa kigari kinachoteleza juu ya barafu.

Mimi ni mwalimu wa fizikia upande huu wa mpaka. Wanafunzi wangu wengi ni watoto wa wafanyabiashara wanaovuka daraja la Rusumo kwenda na kurudi, na wengine ni watoto wa familia zilizorejea nyumbani kwa nyakati tofauti. Wapo ambao wazazi wao walirejea baada ya 1994 kutoka Uganda, Zaire ya wakati ule, Burundi na Tanzania. Wapo pia wa familia zilizovuka kwa maelfu mwaka 2013, wakati Tanzania ilipowaondoa watu iliowahesabu kuwa wahamiaji wasio na vibali. Wengine kati yao walizaliwa Karagwe au Ngara, na Kiswahili ndiyo lugha waliyoanza nayo shule.

Ndugu msomaji, naomba nieleze kwa nini watoto hawa wanashindwa maswali ya joto, gesi, mwendo na nuru, na kwa nini sikubaliani na wanaosema hawana akili ya sayansi.

Tuanze na lugha, maana ndipo mtoto anapojikwaa kwanza. Mtoto aliyesoma shule ya msingi Tanzania amefundishwa kwamba joto ni kitu kimoja na jotoridi ni kingine. Akifika huku, jirani yake wa dawati analo neno moja tu, ubushyuhe, analolitumia kwa yote mawili. Baba yake aliyesoma Bujumbura anasema chaleur. Kitabu na mtihani viko kwa Kiingereza, ambacho serikali yetu iliamua mwaka 2008 kiwe lugha ya kufundishia. Joto hilo hilo lina majina manne kabla mwalimu hajaandika swali ubaoni. Mtoto akinyamaza tunaandika kwenye ripoti kwamba ni mzito wa kuelewa.

La pili ni maswali yenyewe. Vitabu vingi tulivyorithi vimejaa mifano ya mbali: theluji inayoyeyuka, treni inayoondoka stesheni, silinda yenye pistoni isiyo na msuguano. Sisemi mifano hiyo ni mibaya. Nasema mtoto ambaye hajawahi kuona theluji wala treni anabaki na kazi moja tu, kutafuta fomula inayofanana na herufi alizopewa. Akibahatisha anapata, asipobahatisha anakosa, na kwa vyovyote hajajifunza kitu.

Hivi kweli tumekosa maswali hapa kwetu? Tazama malori yanayoshuka kuelekea darajani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 kuhusu uzito wa magari inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake. Chukua lori la uzito huo linaloshuka mteremko wenye kimo cha mita 100. Zidisha kilo 56,000 kwa 9.8, kisha kwa 100. Unapata karibu jouli milioni 55. Kama mwendokasi wa lori haukuongezeka, nishati hiyo imekwenda wapi? Dereva akitegemea breki peke yake, yote imegeuka joto kwenye breki. Joto hilo lingetosha kuchemsha zaidi ya lita 170 za maji. Ndiyo maana dereva mwenye uzoefu huingiza gia ndogo juu kabisa ya mteremko na kuiacha injini imsaidie kushika gari. Mwanafunzi aliyekokotoa swali hili hatasahau kwamba nishati haipotei, na hatauliza tena kwa nini breki za lori hunuka.

Swali la mwendo liko hapo hapo. Lori linakwenda kilomita 36 kwa saa, yaani mita 10 kwa sekunde. Dereva anaona mtoto anavuka. Tuseme sekunde moja inapita kabla mguu haujakanyaga breki, na breki zinapunguza mwendokasi kwa mita 5 kwa sekunde katika kila sekunde. Lori litakwenda mita 10 kabla ya breki na mita 10 nyingine kwa breki, jumla 20. Sasa mwendokasi uwe mara mbili, kilomita 72 kwa saa. Wanafunzi wengi hujibu haraka haraka kwamba litasimama kwa mita 40. Sivyo. Ni mita 20 kabla ya breki na mita 40 kwa breki, jumla 60. Mwendokasi ukizidi mara mbili, umbali wa breki unazidi mara nne. Vijana wetu wanasukuma baiskeli zenye magunia kando ya barabara hiyo kila siku. Kwao hesabu hii inaamua mtu avuke sasa au asubiri.

Niende kwenye gesi. Asubuhi, jotoridi likiwa nyuzi 20, fundi anajaza tairi la lori mpaka geji inasoma 7. Kwa kuwa geji haihesabu mgandamizo wa hewa inayotuzunguka, mgandamizo kamili ni karibu 8. Mchana, baada ya safari, hewa ndani ya tairi imefika nyuzi 60. Mgandamizo utakuwa kiasi gani? Kila mwaka naona jibu lile lile: 60 ni mara tatu ya 20, kwa hiyo mgandamizo ni 24. Hapo huwauliza, ni tairi gani mnalijua la kuhimili 24? Darasa linacheka, na wanarudi wenyewe kwenye kanuni. Joto la gesi huhesabiwa kuanzia sifuri halisi, nyuzi 273 chini ya sifuri yetu. Basi ni 293 na 333, mgandamizo kamili unafika karibu 9.1, na geji inasoma karibu 8.1. Mtoto wa fundi matairi anajua tangu utotoni kwamba tairi hukazana mchana na kwamba halipasuki kila saa sita. Ujuzi wake ndio unaomwonya kwamba 24 ni upuuzi. Mwenzake mwenye silinda ya kitabuni hana wa kumwonya.

Na mtungi wa gesi ya kupikia je? Wapo wafanyabiashara wanaofungua koki, wakisikia mvumo wa nguvu wanasema umejaa. Gesi ile imo mtungini ikiwa kimiminika, na maadamu kimiminika kimebaki, mgandamizo hubaki karibu ule ule kwa jotoridi lile lile. Mtungi uliobaki robo unavuma kama uliojaa. Dawa ni mizani. Uzito wa mtungi mtupu umepigwa chapa juu yake. Ukisoma kilo 7.2 na umeuziwa kilo 6 za gesi, mizani lazima isome 13.2. Mama anayeuza mitungi na binti yake anayesoma fizikia wangepaswa kulijadili swali hili mezani, na fedha za familia zikapona.

Jikoni kuna maswali mengi zaidi. Waliorejea kutoka Dar es Salaam au Tanga hulalamika kwamba maharage ya huku hayaivi. Si maharage, ni kimo. Pwani maji huchemka kwa nyuzi 100. Kwenye kimo cha mita 1,500, kama Kigali, huchemka kwa nyuzi 95 hivi kwa sababu hewa ni nyepesi. Ukiongeza mkaa maji yatakauka upesi, lakini jotoridi la sufuria halitapanda juu ya hapo. Kuloweka maharage usiku kucha kunasaidia kuliko kuchochea moto.

Kuhusu huo mkaa, kuchemsha lita 5 za maji kutoka nyuzi 20 hadi 95 kunahitaji jouli 1,575,000. Kilo moja ya mkaa hutoa jouli milioni 30 hivi. Kwa hesabu, gramu 53 zingetosha. Mwambie mwanafunzi apime mkaa wa mama yake kabla na baada ya kupika. Atakuta umetumika zaidi sana. Uliobaki umepasha hewa, jiko na ukuta. Huyo mtoto amejifunza ufanisi wa jiko, na pengine kesho atatengeneza jiko bora.

Wauza samaki nao wasisahaulike. Kilo 20 za samaki wa Ziwa Victoria zilizo kwenye nyuzi 25, ukitaka zifike sifuri, zinahitaji kunyang'anywa jouli milioni 1.8. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka hunyonya jouli 334,000. Kwa hiyo ni kilo 5.4 za barafu, na hapo hujahesabu joto linalopenya sandukuni njiani. Anayetia kilo 3 ili kuokoa nauli ya mzigo atapoteza samaki.

Nuru nitaigusa kwa swali moja, kwa kuwa linahusu uhai. Nuru ikitoka majini kuja hewani hupinda, na maji maangavu hutudanganya kina chake. Kina tunachoona tukitazama wima ni robo tatu hivi ya kina halisi. Bwawa linaloonekana la mita 1.2 lina mita 1.6. Mtoto wa kimo cha mita 1.5 anaona maji ya kifuani, kumbe yanamfunika kichwa. Akitazama kwa mshazari kutoka ukingoni, udanganyifu unazidi. Tumewafundisha kuchora mstari unaopinda kwenye kipande cha kioo. Tuwafundishe pia kwamba mstari huo unaua.

Najua wapo watakaonipinga. Watasema mtihani wa taifa hauulizi mitungi wala samaki, na mwalimu hana muda wa kucheza na mifano. Nawajibu kwamba hesabu ni zile zile. Aliyekokotoa tairi anaweza kukokotoa silinda yenye pistoni. Aliyekariri silinda peke yake atakwama siku mtungaji akibadili maneno. Isitoshe, mtaala wetu unaozingatia ujuzi, ulioanza kutumika mwaka 2016, unataka mtoto aweze kutenda, si kukariri. Ninachokiomba ni kitu ambacho tayari tumekikubali kwenye karatasi.

Wapo pia wazazi. Mzee mmoja mfanyabiashara aliniambia, "Mwalimu, huyu binti nimpeleke wapi na fizikia yake? Si bora aje dukani ajue kuuza?" Nilimheshimu, kwa sababu ada anailipa yeye. Lakini nilimwambia, "Mzee wangu, tazama pale mtoni." Pale Rusumo umejengwa mtambo wa umeme wa megawati 80 ambao Rwanda, Burundi na Tanzania wanagawana sawa, karibu megawati 26.7 kwa kila nchi. Juu yake lipo daraja jipya na kituo cha pamoja cha mpakani, vilivyozinduliwa Aprili 2016. Mitambo hiyo inahitaji watu wa kuiendesha na kuitengeneza kwa miaka mingi. Tukiwatoa watoto wetu kwenye sayansi, kazi hizo zitakwenda kwa watoto wa wengine, na sisi tutabaki kuwauzia chakula cha mchana.

Nionavyo mimi, mambo manne yanawezekana bila kusubiri bajeti. Kwanza, kila mwalimu wa fizikia aandike maswali kumi kila muhula kutoka soko na barabara ya eneo lake, ayabadilishane na wenzake wa shule jirani, na hata wa ng'ambo ya mto. Pili, mtoto aruhusiwe kueleza hoja yake kwanza kwa lugha anayoijua, iwe Kiswahili, Kinyarwanda au Kifaransa, ndipo aiandike kwa Kiingereza cha mtihani. Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi hii tangu 2017, hakuna sababu ya kukifukuza kwenye maabara. Tatu, watunga mitihani watie angalau swali moja la maisha ya kwetu katika kila karatasi, na watoe alama kwa mwanafunzi anayeonyesha kwamba jibu fulani haliwezekani. Nne, wazazi wafungue biashara zao kwa maswali ya watoto. Mpe mwanao mizani apime mtungi. Mpe saa apime lori linavyopita kati ya nguzo mbili.

Watoto hawa wamevuka mipaka na kubadili lugha, na wengi wamefika na mzigo mdogo kuliko begi la shule. Kitu ambacho hakuna askari wa mpakani aliyewanyang'anya ni macho yao na yale waliyoyaona njiani. Mwalimu anayewaambia waviache vitu hivyo nje ya mlango wa darasa anawanyang'anya tena. Muhula ujao unaanza karibuni. Walimu wenzangu, tuandike maswali.